Ufa wa Ngazini

Aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta
hakutaja bei ya mfuko wa saruji,
wala hakukalishwa mbele ya karani wa benki, Ruwi,
akaambiwa kwa upole, kama anayepewa mkono wa tanzia,
kwamba tarehe ishirini na tano haisogei.

Nyumba ni ya marehemu baba. Ghorofa tatu, Wadi Kabir,
milango sita, mita sita za umeme,
na tangi moja juu ya paa linalovuja kwa zamu:
leo upande wa bahari, kesho wa kibla.

Juni, saa nane mchana, simu inalia.
Ni Jayan, mlango wa nne.
Kiarabu chake cha dukani, changu cha Wete;
tunakutana kwenye neno moja linalotutosha:
kharban.
Kiyoyozi kharban, mama.
Nyuma yake nasikia mtoto.
Amelazwa sakafuni, shavu kwenye vigae,
na vigae navyo vimeshapata moto.

Fundi Rafiqul anapanda ngazi, anagonga, ananusa,
anashuka na uso wa mganga mwenye habari mbaya.
Kompresa. Riali themanini na tano.
Kodi ya mlango wa nne ni mia na ishirini.
Benki inataka mia nne na kumi.
Mlango wa pili, mwezi wa tatu huu, hauna mtu
ila mende, na bili ya maji ambayo sijui wanaoga nayo mende
au kuna bomba jingine limenificha siri.

Kaka Zahor yuko Dubai. Ujumbe wake: "Uza."
Hata salamu hakuweka.
Dada Muznah anasema tupake rangi ya maziwa, tupandishe kodi,
rangi ya maziwa huficha umri.
Mimi ndiye niliyetia saini
mwaka ule wadi ilipoingia ghorofa ya chini bila kubisha hodi,
ikakaa siku mbili,
ikaondoka na magodoro ya watu.

Baba alikuwa na daftari.
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto,
nasoma kwa kidole kama mtoto wa chuoni:
Bomba la Bi Shemsa, riali mbili.
Kitasa, nusu.
Mwezi huu sikuchukua kitu kwa Yusufi, mkewe amejifungua.
Nimetafuta jumla kurasa zote arubaini.
Haipo.
Baba, nilisema peke yangu jikoni, sisi tulikuwa tunakula nini?
Lakini yeye hakudaiwa na mtu. Alijenga kwa lori la maji,
safari moja matofali kumi,
na Yusufi akilipa chelewa, tofali lilisubiri.
Benki si tofali.

Nimempa Rafiqul arubaini. Iliyobaki baada ya mshahara, wangu si wake.
Nikamngojea ngazini, kwenye kivuli,
pale ufa unapoanzia dirishani ukishuka kuelekea mita.
Kila mwezi huuwekea alama ya penseli kwenye ncha,
na tarehe, nijue kama unatembea.
Alama zangu ziko saba, zimebanana, upana wa kucha.

Jana vumbi la kazi liliponguka nikapangusa juu zaidi
kwa ukingo wa mtandio.
Penseli nyingine. Hafifu.
Tarehe za Kihijiria, mkono wa baba,
nne, tano, moja juu ya nyingine,
ya mwisho ni ya mwezi ule alioanza kukohoa.

Kumbe alikuwa akiujua.
Kumbe naye alipita hapa na penseli nyuma ya sikio,
akautazama, akapiga hesabu ya saruji,
akapanda kwenda kubadilisha bomba la mtu.

Juu, kompresa ikaguruma, ikasita, ikaguruma.
Mtoto wa Jayan alinyamaza.
Simu ikalia: mlango wa sita.